Jiko Linalotekenya

Wewe unayesoma, usigeuze uso. Kwenu kipo kitu kinachotekenya ukikigusa. Labda ni friji, labda ni pasi. Mnajua wote, na kila siku mnakizunguka pembeni. Mmevaa kandambili, mkacheka, maisha yakaendelea. Nakusema kwa sababu nami nilicheka, na kicheko kile bado nakisikia.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kila nikitoka shule nilivua sare, nikaosha vyombo, kisha nikamfuata mjomba popote alipokuwa na kazi. Alikuwa fundi umeme. Akanifundisha kumenya waya bila kujeruhi shaba yake, na kukaza skrubu. Mtaani waliniita Bisibisi, na jina hilo nililivaa kama medali.

Siku jiko la umeme lilipoletwa kwetu, bibi alilizunguka mara mbili. Alikuwa amepika kwa kuni tangu usichana wake, macho yamekuwa mekundu.

"Hili kweli halina moshi?"

"Hata chembe, mama," mjomba alijibu.

"Basi fanya haraka, nilitumie kabla sijafa."

"Ah, mama, umeshaanza!"

Mjomba alizima swichi kubwa, akapitisha kebo nene ukutani hadi nyuma ya jiko. Simu yake ikaita. "Bisibisi, malizia nyaya hizo tatu. Nitakagua nikirudi. Usiwashe kitu."

Nyaya mbili zilifika kwenye skrubu zake. Wa tatu, ule wa kijani na njano ambao mafundi huuita ethi, nilikuwa nimeukata mfupi. Ulipungua upana wa kidole. Niliuvuta, ukagoma. Dirishani watoto wa jirani walikuwa wananichungulia. "Bisibisi bado tu? Leo kapatikana!"

Nikaukunja waya ule taratibu, kama mkia wa paka aliyelala, nikauficha ndani, nikafunga kifuniko cha nyuma ya jiko.

"Zote zimeshika?" mjomba aliuliza aliporudi.

"Zote, mjomba. Nimekaza mpaka basi."

Hakufungua kifuniko. Aliwasha. Jiko likawaka! Watu wakapiga makofi, na mimi nikainama kama msanii jukwaani. Moyoni nikajiambia: kumbe huo wa tatu ni pambo tu.

Wiki chache baadaye mama aligusa ubavu wa jiko akiwa pekupeku. Akaruka. "Eh! Jiko linatekenya!"

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Ikawa utani wa nyumba. Jirani akaja kutekenywa, akacheka, akaenda kumwita mumewe. Mama alimpigia mjomba simu. "Vaeni kandambili," akasema, "nitapita nilitazame." Alisema "nitapita" mara tatu, na mara zote tatu hakupita. Kandambili zikawekwa mlangoni mwa jikoni, jozi moja kwa wote. Kila mtu alipocheka, mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, huku nikijua ule mkia umejikunja mle ndani ya jiko.

Jumamosi moja asubuhi nilitoka kuanika nguo. Nikasikia sufuria imeanguka jikoni. Haikufuatiwa na kelele yoyote, na ukimya huo ndio ulionikimbiza ndani.

Bibi alikuwa amesimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji, mkono mmoja kwenye bomba la sinki, mwingine umeganda kwenye jiko. Mdomo wazi, sauti hakuna. Nikamrukia.

"Usimguse!" mama alipiga ukelele akitokea sebuleni. "Zima swichi kubwa!"

Nikazima. Bibi akaanguka kama nguo iliyochomoka kambani. Alikuwa anapumua. Mkono ulivunjika.

Alasiri bibi alirudi kutoka hospitali amefungwa plasta. Mjomba alikuja na fundi aliyemfundisha kazi, mama mmoja mfupi anayechomeka bisibisi nyweleni.

"Duka lile limetuuzia jiko bovu," mjomba alifoka. "Kesho watanitambua!"

Yule mama fundi alihakikisha swichi kubwa imezimwa. Alifungua kifuniko, akauvuta mkia wa kijani na njano.

"Huu umekunjwa kwa mkono wa mtu," alisema. "Na ukakunjwa vizuri. Nani?"

Mjomba alitazama waya, kisha akanitazama mimi. Akafumba macho. "Mimi ndiye niliyewasha," alisema polepole.

Angenibebea kosa. Ningenyamaza, ingepita. Nikainamisha kichwa, na hapo nikaona miguu yangu. Zile kandambili za jikoni, jozi moja kwa wote, nilikuwa nimezivaa mimi tangu asubuhi.

"Ni mimi," nikasema. "Ulipungua. Niliogopa kuchekwa."

Bibi akaniangalia. "Kwa hiyo tulipokuwa tunacheka, mwenzetu ulikuwa unajua?"

"Nilijua, bibi."

Akageukia ukuta. Heri angenichapa.

Mama fundi alichuchumaa mbele yangu. "Sikiliza, mwanangu. Waya ukipungua, unasema umepungua, tunakata mwingine. Hakuna aibu hapo. Nyaya mbili zinawasha jiko. Huu wa tatu hupeleka ardhini umeme unaovuja, unamlinda mpishi, na ukikosekana jiko linawaka vilevile, halikuambii kitu. Kwa hiyo mwenye kujua lazima aseme, hata sauti ikimtetemeka." Akamgeukia mjomba. "Na wewe, kazi ya mtoto huikagui? Hiyo 'nitapita' yako ilipitia wapi?"

Mjomba aliinama kuchukua bisibisi. Wakabadilisha kebo nzima, wakapima mara mbili. Jiko halikutekenya tena. Bibi alinisamehe, lakini mkono wake haukuweza tena kukamua nguo. Nilimkamulia mimi miaka yote aliyoishi, na kila nilipokamua nilikumbuka.

Sasa zamu yako. Unakijua kitu kinachotekenya kwenu, hata sasa kimekujia akilini. Usikiguse, wala usikifungue. Funga kitabu hiki, nenda kwa mkubwa wa nyumba umwambie azime swichi kubwa na aite fundi leo. Akikwambia "vaa kandambili," kataa. Akicheka, usicheke naye. Na kama ni wewe uliyeficha waya, sema. Inuka, nenda!