Maoni Ishirini ya Mtu Mmoja

Kila siku akitoka shule, Pilipili alipitia kibarazani kwa mafundi cherehani kumtungia bibi yake, fundi mmojawapo, uzi kwenye sindano. Macho ya Bibi yalikuwa yamechoka, ila ulimi wake ulikata kuliko mkasi. Mafundi walikuwa ishirini. Vyerehani vyao vikilia pamoja, hata mvua ilisita kunyesha, ikidhani imeshaanza.

Wiki ile Halmashauri ilitangaza mpango wa kukivunja kibaraza ili pawe maegesho ya magari. Wananchi wakaombwa kutoa maoni katika tovuti yake.

"Wameshakata kitambaa, ndipo wanakuja kupima?" Bibi alinung'unika. "Haya, chukua simu yangu. Muulize kila fundi, uandike anavyosema."

Pilipili aliitikia vizuri tu. Lakini kuzungukia vyerehani ishirini ni kazi, na watu wazima wana maneno mengi! Akaketi ngazini, akaandika majina yote, na chini ya kila jina akabandika sentensi moja: "Napinga kwa nguvu zote." Nusu saa, yote yakatumwa, kazi kwisha.

Siku ya mwisho, saa nane mchana, afisa wa Halmashauri alifika na karatasi mkononi.

"Shikamooni, wazee. Maoni ishirini, simu moja, 'Napinga kwa nguvu zote', maneno yaleyale mpaka nukta! Tumeyafuta yote. Dirisha la maoni linafungwa leo saa kumi. Kama hamna la kusema, basi." Akaenda zake.

Babu Kifungo, fundi wa makoti, akavua miwani.

"Mimi nimepinga lini? Mimi nilitaka kuwaambia kuwa nyuma ya ghala hapo jirani kuna uwanja mtupu, magari mia yanaenea! Nani kanisemea?"

Uongo ulikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wa Pilipili: mtandao uliharibika. Akaumeza.

"Ni mimi, Babu. Niliona uvivu kuwauliza. Niliandika mwenyewe."

"Kumbe tuna mbunge na hatukupiga kura!" alisema fundi wa sare za shule. Wachache walicheka, cheko lisilo na utamu.

Bibi alimkazia macho mjukuu wake. "Umekiri, vyema. Sasa mshono umekwenda upande. Ufumue, uushone upya. Inukeni, jamani!"

Ukumbini kwa Halmashauri kulikuwa na kompyuta ya wananchi wasio na simu. Mafundi ishirini wakaandamana kwenda huko, tepu za kupimia shingoni, na Bibi mbele kama jemadari. Afisa aliwakuta mlangoni.

"Jamani, ukumbi mdogo! Leteni wawakilishi wawili tu."

"Mwakilishi tulikuwa naye, akatutia aibu," Bibi alijibu. "Mwanangu, maoni yetu uliyafuta kwa kidole. Haya yamekuja na miguu yake. Yafute tuone!"

Afisa akapisha.

Pilipili aliketi kwenye kompyuta, akaandika neno kwa neno na kumsomea kila mmoja kabla ya kutuma. Fundi wa sare alisema kibaraza kikivunjwa, wanafunzi watakwenda shule wamevaa magunia. Mama wa mapazia alisema hakipendi kibaraza hata kidogo kwa sababu paa linavuja, lakini watengeneze paa, wasiwafukuze watu. Babu Kifungo alieleza uwanja wake, urefu na upana, kwa hatua alizozipima mwenyewe. Vidole vya Pilipili vilikufa ganzi. Saa kumi kasoro dakika tatu, oni la ishirini likatumwa.

Baada ya mwezi, jibu lilitokea kwenye tovuti. Maegesho yatajengwa nyuma ya ghala, kama alivyopendekeza fundi mmoja wa makoti. Kibaraza kitabaki. Suala la paa linatafakariwa.

"Watafakari upesi," Bibi alisema, "la sivyo tunarudi na miguu yetu."

Kibaraza kizima kiliangua kicheko. Bibi akamvuta Pilipili karibu.

"Mjukuu wangu, ulitaka kututetea, ukatunyang'anya midomo. Majina ishirini juu ya neno la mtu mmoja ni sauti moja tu, tena ya uongo. Lililotuokoa lilikuwa kichwani mwa Babu Kifungo, na wewe hukumuuliza. Ukitaka kumsemea mtu, kwanza msikilize. Na wakubwa wakikuuliza maoni, usiogope. Sema lako, wakikufungia mlango, gonga! Haya, nitungie uzi."