Chale za Bega la Kulia

“Usiniambie ni chanjo, Lokorio. Mimi ni nesi. Chanjo siijui?”

“Chelangat, punguza sauti. Wagonjwa wanasikia.”

“Wasikie! Jumamosi naolewa, na leo ndiyo mara ya kwanza naona bega la mume wangu. Jua la Kakuma linachemsha watu ubongo, wewe shati hutoi. Kumbe unaficha hizi.”

Lokorio alikuwa ametoka chini ya lori lake la mahindi, nyuma ya zahanati, mikono imejaa grisi. Shati lilinaswa na chuma likapasuka kutoka shingoni hadi kiunoni. Kwenye bega la kulia, chale zilishuka mstari kwa mstari hadi kifuani, zimevimba kama punje za mtama.

“Kaka yangu kule Kapenguria anazo,” Chelangat alisema. “Kwetu Wapokot, kwenu Waturkana, maana yake ni moja. Ulimuua nani?”

“Sikuua mtu.”

“Mwanaume hachanjwi hivi kwa kuchinja kuku.”

“Nimesema sikuua!”

“Basi nani alikufa? Mtu wa kwetu?”

Lokorio aliitikia kwa kichwa.

“Sema yote. Ukibakiza kidogo, nakwenda kumwambia padri hakuna harusi.”

Lokorio alijifuta mikono kwa lile shati.

“Ilikuwa vita ya ng’ombe, kabla sijapata kazi ya lori. Kijana alilala kisimani, risasi ya tumbo. Risasi ya Emuria, mwenzangu wa rika. Emuria akawakimbilia ng’ombe, mimi nikabaki. Nilimpa maji. Akaniambia anaitwa Pkemoi. Rika langu walinikuta nimepiga magoti, damu mikononi. Wakadhani nimeua mimi, wakaanza kuimba jina langu.”

“Na Emuria akanyamaza?”

“Emuria alikuwa karibu kubatizwa, na kazi ya ukarani kwa chifu ilikuwa inamngoja. Padri akiona chale, kwisha. Lakini aliyeua lazima achanjwe, la sivyo damu inamrudia. Rika walipojua ukweli, wakasema sisi ni mtu mmoja, mmoja akichanjwa wote tumesafishwa. Nikachanjwa mimi.”

“Ukakubali?”

“Baba alipokufa, hao ndio walionipa mbuzi wa kuanzia maisha. Ningesema nini? Kwamba nilikuwa namnywesha adui? Niliona aibu ya yale maji kuliko aibu ya kuua.”

“Na huyo kijana?”

“Anakuja. Mchana kweupe. Nikiinua chai, namuona ananitazama mdomo. Ndiyo maana namimina kikombe cha pili.”

Siku zote Chelangat alidhani kikombe kile ni cha utingo.

“Kwao wanajua alipo?”

“Hapana. Nilimfunika kwa mawe, peke yangu.”

“Kwa hiyo mama yake bado anamngoja.”

Chelangat alirudi kwa wagonjwa wake, akawadunga sindano.

Ijumaa walikuwa Lodwar, nyumbani kwa mjomba wa Lokorio. Rika lote lilikuwa limefika na mifugo ya mahari. Losike alikuwa ametembea na mbuzi wake kutoka Lokori, midomo imepasuka kwa kiu. Emuria alifika amevaa koti, siku ambayo hata ngamia walitafuta kivuli.

“Ejok, bwana harusi!” Emuria alisalimia kwa sauti. “Shemeji, nasikia Wapokot wamezoea kuchukua mbuzi wetu bila kuomba. Leo tumewaletea wenyewe!”

Watu wakaangua kicheko. Lokorio alivua shati.

“Emuria, chale hizi ni zako. Sema mbele ya rika.”

Kicheko kilikatika.

“Jua limekupiga, ndugu,” Losike alisema. “Kunywa maji ukae.”

“Nataka kwenda kwa mama yake Pkemoi.”

“Pkemoi ndiye nani?”

“Mnaona? Hata jina lake hamlijui.”

Emuria alimsogelea, akanong’ona kwa hasira, “Ukienda kule, umetutaja sote. Polisi watakuja. Mimi nina watoto, Lokorio.”

“Mifugo hii tumeomba boma kwa boma mpaka kule ziwani,” Losike alisema, karibu kulia. “Kesho unaoa. Nyamaza tu. Kunyamaza kunakuuma wapi?”

Hawa hawakuwa watu wabaya. Losike huyuhuyu aliwahi kumbeba Lokorio mgongoni, akiwa hoi kwa malaria, kutoka porini mpaka Lokichoggio. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Mtu mbaya ni rahisi kumwacha.

“Shemeji, mwambie,” Emuria alimgeukia Chelangat. “Wewe umesoma.”

“Nikuulize wewe kwanza. Unalala?”

Emuria alifungua mdomo. Mkono wake ulipanda wenyewe hadi bega la kulia, ukaanza kukwaruza juu ya koti, ukakwaruza na kukwaruza, mahali pasipokuwa na alama yoyote. Wenzake waliona. Mmoja mmoja wakageuza macho.

Kisha Losike akapiga mluzi, mbuzi wake wakageuka. Wengine wakafuata na mifugo yao, bila matusi. Uwanja ukabaki samadi na vumbi.

“Sina mahari, sina rika,” Lokorio alisema. “Rudi Kakuma.”

“Nirudi kufanya nini? Lori si linakwenda Kitale kupakia?”

“Ndiyo.”

“Basi linapita kwetu. Tutaulizia boma lililopoteza Pkemoi.”

“Wataniua, Chelangat.”

“Huenda. Mimi nitatangulia mlangoni, niseme kwa lugha yetu. Yule mama anataka kujua mwanawe alipo kuliko anavyotaka kichwa chako. Tukitoka salama, padri hahami. Hata wiki ijayo yupo.”

“Mbona unajitia kwenye hili?”

“Kwa sababu nataka kuolewa na wewe peke yako, si na rika zima. Washa gari.”

Lokorio akawasha. Chelangat akapiga teke mawe yaliyozuia magurudumu, akapanda. Nje ya mji walilipita lile kundi na mifugo yake kando ya barabara. Hakuna aliyepunga mkono.

Kwenye kioo Lokorio aliona mtu amejitenga na wenzake, anakimbia ndani ya vumbi, koti mkononi. Losike alikuwa anamwita arudi.

“Ningojeni!” Emuria alipiga kelele. “Ni mimi wa kwenda!”

Lokorio akakanyaga breki.