Mume Wangu Alisimama na Milinganyo Yangu, Mimi Nikasimama Nje

Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mwalimu wa hisabati, mkazi wa Ibighi hapa Tukuyu. Naandika nikiwa na hasira, na siombi radhi!

Nilikuwa na miaka thelathini na moja viwanda vya chai vilipoanza kuuzwa kwa wawekezaji. Mume wangu, Ambakisye, alikuwa fundi wa mitambo ya kukaushia majani ya chai. Mwenye kiwanda mpya alileta kompyuta yenye programu ya hesabu. Unaandika milinganyo kwenye kioo kama daftarini, nayo inakuchorea jibu. Alitaka kujua jani la masika likaushwe kwa moto gani lisiungue. Atakayeweza angepewa ukuu wa idara na kupelekwa kusoma ng'ambo.

Ambakisye hakuweza. Akaniomba mimi.

Kila nilipotoka darasani nilikwenda kiwandani. Niliandika milinganyo miwili ya mabadiliko: mmoja wa maji yanavyopungua kwenye jani, mwingine wa joto linavyopanda, na kila mmoja unautegemea mwingine. Jibu likatoka maji chini ya sifuri! Jani gani hilo linalodaiwa maji? Wiki tatu nilikagua alama moja moja, nikakesha na mawazo, nikafokea hata wanafunzi wasio na kosa...

Kumbe milinganyo ilikuwa sahihi. Programu ile husoma ukurasa kutoka juu kwenda chini. Kiasi cha maji ya jani la masika nilikiandika chini ya milinganyo, kwa hiyo ilikuwa ikitumia kile cha zamani, cha jani la kiangazi, kilichobaki juu. Nilipandisha mstari mmoja tu, mchoro ukanyooka. Nililia kwa furaha!

Siku ya kuonyesha kazi ikafika. Mwakilishi wa wakulima kwenye kikao alikuwa baba mkwe wangu, kutoka Kisiba. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe, haketi naye chumba kimoja, wala hapazi sauti mbele yake. Ambakisye akaniambia nisiwe na wasiwasi, atawaeleza kuwa kazi ni yangu. Nikamwamini, mjinga mimi! Nikasimama nje, karibu na dirisha lililotazamana na kioo cha kompyuta.

Nikamsikia akisema kwa sauti ya kujiamini, "Kazi hii nimeifanya mwenyewe."

Mwenye kiwanda akamwambia ajaribu jani lililonyeshewa zaidi. Ambakisye akaongeza kiwango cha moto, kisha kile kiasi kipya cha maji akakiandika chini kabisa! Maji yakashuka tena chini ya sifuri. Mnajua alijitetea vipi? Eti mke wake aliichezea kompyuta jana yake!

Ningenyamaza, angeumbuka. Lakini alikuwa mume wangu... Nikapaza sauti dirishani, "Pandisha huo mstari juu ya milinganyo!"

Akaupandisha. Wakampigia makofi. Naye akacheka, akawaambia mkewe anakumbuka vizuri anayofundishwa nyumbani.

Akapewa ukuu. Akapanda ndege. Mimi nikabaki na chaki, na lawama za ukoo kwamba nimemvunjia mkwe heshima. Kwa nini sikuingia ndani? Swali hilo hunitafuna mpaka leo.

Miaka ikapita. Siku moja mama mkwe alinishika mkono jikoni. "Gwe mwanangu," akasema, "mzee alijua siku ile ile kuwa kazi ni yako. Mtoto wake hata hesabu za shule zilimshinda. Ila alisema angemtetea vipi mkamwana asiyeruhusiwa hata kumtazama?"

Alijua! Wote walijua! Mwana akaninyang'anya, baba akaheshimu mila, na heshima yote hiyo nikaibeba mimi peke yangu.

Dada zangu mnaosoma haya, wakwe waheshimuni, mimi bado nawaheshimu. Lakini kazi ya mikono yako usimkabidhi mtu akakusemee, hata awe mume uliyefunga naye ndoa kanisani. Kama nyuma ya mlango yupo mkwe, ingia ukiwa umejifunika khanga usoni, useme, "Hii ni yangu." Watakulaumu. Mimi sikuingia, na walinilaumu vilevile.