Mota ya Watu Wawili

“Kilo ngapi, Yakoub? Nataka kilo, sitaki hadithi.”

“Na mimi nimekwambia, kilo zangu hazitajwi mbele za watu.”

“Watu gani? Nipo mimi na huyu mtoto. Sasa mota nichague kwa kukadiria, kama fungu la dagaa?”

Shamsuddin aligonga meza ya karakana yake kwa spana. Wanu alisimama nyuma ya Yakoub, mjomba wake, mikono juu ya ule ubao wenye magurudumu ambao mjomba aliukalia tangu miguu yake ilipokufa. Mjomba alikuwa mtu mnene kupita kiasi. Kila asubuhi Wanu alimsukuma mchangani kutoka Makorora hadi Nguvumali, mjomba alikotengeneza redio, na kwa sababu hiyo Wanu aliacha darasa la saba katikati. Mwalimu mkuu alikuwa amesema akirudi Jumatatu atamwandikisha mtihani. Asiporudi, basi tena. Ubao ukijiendesha, atarudi.

“Hii ya feni utaiunguza kabla hujafika Mabawa,” Shamsuddin alisema, akizionyesha mota tatu mezani. “Stata ya lori ina nguvu, lakini ikienda mfululizo inachemka. Hii ya tatu ilikokota marobota ya mkonge kwenye kile kiwanda kilichofungwa. Nitaifunga kwa cheni, kwa uzito wako mkanda utateleza. Ila wenyewe walikuwa wakiifukiza ubani kila Alhamisi. Mimi fundi, mambo hayo siyajui. Niambie uzito.”

Wanu aliigusa ile ya tatu. Haikuwa na waya hata mmoja, lakini ilikuwa na joto, kama tumbo la paka.

Mjomba alitikisa kichwa. Kwao Pemba uzito wa mtu mnene hautajwi, kama vile watoto hawahesabiwi kwa sauti. Ukitajwa, husuda imepata pa kushika.

“Basi fanya ya watu wawili,” alisema mwishowe. “Mmoja mimi, wa pili yeyote atakayependa kukaa.”

“Yeyote?” Shamsuddin alicheka. “Aje na tiketi yake.” Akaandika mezani kwa chaki: watu wawili.

Siku ya kwanza, Jumatano, ilikuwa kama sikukuu. Ile mota ya kiwandani na betri vilifungwa chini ya ubao, mjomba akakata mchanga wa Makorora bila kusukumwa, na watoto wakamkimbilia wakimwita Bwana Treni. Wanu alipiga pasi sare yake.

Alhamisi adhuhuri, jua likiwa utosini na barabara tupu, alisikia harufu ya mkonge uliovunda. Mjomba alikuwa amekaa pembeni kabisa mwa ubao.

“Mbona umejibana hivyo, mjomba?”

“Nimempisha,” alijibu kwa sauti ndogo, kisha akashtuka kama mtu aliyeamshwa.

Wanu alitazama nyuma. Alama za magurudumu mchangani zilikuwa mbili, na iliyozama zaidi ni ya upande ambao hakukuwa na mtu.

Ijumaa, watu wakiwa msikitini na mjomba kitandani, Wanu aliichomoa betri mwenyewe na kuibeba hadi jikoni, akaketi juu yake, na akiwa ameketi hivyo akasikia cheni ikianza kuzunguka uani, polepole, jino baada ya jino, na ile harufu ikaingia kwa mlango wa nyuma na kujaa jikoni mpaka macho yakamwasha, na alipochungulia akaona ubao unazunguka uani bila mtu, umebonyea katikati kwa uzito, ukipita karibu na ukuta, ukirudi, ukipita tena, kama mtu anayejifunza njia.

Shamsuddin aliitwa, akaing'oa mota. Aliirudisha kwenye magofu ya kiwanda, akaifukizia ubani. Lakini ubao ulibaki mzito vilevile.

Jumamosi akaitwa Bi Kijakazi, mganga wa Mabawa.

“Shikamoo, bibi,” Wanu alisema.

“Marahaba, mwanangu. Simama mbali.”

Alimfunika mjomba shuka pale ubaoni, pamoja na chetezo cha ubani, akasoma mpaka sauti ikamkauka. Hatimaye mjomba akatetemeka, na mwingine akasema kwa kinywa chake.

“Toka,” Bi Kijakazi alimwambia.

“Sikuingia. Nilikaribishwa. Kiti changu kimepimwa, kimeandikwa, na mashahidi wapo.”

Bi Kijakazi aliwageukia Wanu na Shamsuddin. “Ni kweli?”

Shamsuddin aliangalia miguu yake. Wanu akaitika kwa kichwa.

Mganga alimwaga makaa, akafunga vitu vyake. “Aliyejipenyeza nitamfukuza. Huyu ni mgeni wenu. Sina dawa ya mgeni.”

“Nitaacha kuupanda ubao huu,” mjomba alinong'ona alipozinduka. Walijaribu kumshusha, watu watatu, na hawakuweza kumnyanyua hata kidogo. Jumapili alilala pale pale akiwa ameketi.

Jumatatu, Wanu alivaa sare, akachukua madaftari, akapita ukumbini kwa vidole vya miguu. Ubao ulikuwa umeziba mlango wa mbele. Mjomba alikuwa amejibana pembeni, machozi yakimtiririka. Mdomo wake ukafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya upole, kama ya mtu aliyezoea kusubiri.

“Weka madaftari chini, Wanu, utusukume. Tumeshakaa.”