Katikati ya Daraja

"Jogoo kavuka mto," redio ilisema kutoka Mnara, kituo cha walinzi.

Greta Vosburgh alimwaga kahawa yake dirishani, akakanyaga mafuta. Gari lake, Dodge Charger, likanguruma.

Jogoo ni Gavana Lyle Hostad. Greta ni mlinzi wake wa siri. Mto ndio mpaka wa jimbo, na katiba yao ilikuwa na kifungu cha tangu enzi za farasi: gavana akitoka nje ya mpaka, naibu wake ndiye gavana mpaka arudi.

Naibu ni Preston Crull.

"Mnara, Crull yuko wapi?"

"Kwenye kiti cha bosi. Msamaha wa Rudd uko mezani. Bado wakili wa Rudd hajafika."

Rudd. Mlanguzi aliyeingiza vidonge vilivyoua watoto wa shule. Msamaha ukishasainiwa, haufutiki. Na ndege yake ilikuwa inamngoja.

Greta alimkuta gavana ng'ambo, hospitalini, wodi ya wazazi. Alikuwa amewatoroka walinzi kwa gari lake bovu la shambani. Sasa kashika mkono wa binti yake, Annika, aliyekuwa anahema kwa uchungu.

"Mheshimiwa, turudi."

"Leo simo. Mwanangu anajifungua."

"Crull anajua. Watu wake wamesikiliza simu ya Annika wiki nzima, wakingoja uchungu uanze. Walijua utakuja."

Annika alicheka kidogo, bila furaha. "Nilipomaliza shule, Baba alikuwa anagombea umeya. Nilipoolewa, useneta. Mama tulimzika, akawahi mkutano. Nenda tu, Baba. Nimezoea."

Gavana alimpapasa binti yake nywele.

Greta, mwenye mtoto wa miezi minane nyumbani, aliangalia ukuta.

"Mpaka hauko ng'ambo ya pili," alisema. "Uko katikati ya daraja. Tutaugusa, kisha utarudi hapa. Ila simu yako ibaki hapa. Crull anaifuatilia."

Annika akaipokonya. Akaisukuma chini ya mto wake wa kitandani.

"Haya. Muulize huyo Crull ni mto gani."

Darajani, lori la nyasi kavu lilikuwa limekaa mshazari. Wanaume wawili. Mmoja akaingiza mkono kotini.

Greta akafunga breki, akarusha kopo la moshi. Daraja likawa jeupe.

"Kimbia, Mheshimiwa."

"Nina miaka sitini na nane, mama."

"Basi kimbia kizee."

Risasi moja ililia kwenye chuma. Wale wawili walitoka kwenye moshi wakikohoa, wakakutana na mdomo wa Glock, bastola ya Greta. Pingu moja iliwatosha wote, ukingoni mwa daraja.

Mbele, gavana alivuka kibao cha mpaka, akashika magoti.

"Niko kwetu," akahema.

Greta akamwelekezea kamera aliyovaa kifuani.

"Mnara, Jogoo yuko bandani. Mnaona?"

"Tunaona. Tumzuie Crull? Wakili ndiyo anaingia."

"Acha asaini."

Maji yalipita chini yao.

"Kasaini."

"Kasaini kama gavana wakati gavana yupo jimboni. Mfungeni. Na Rudd asitoke selo."

Hostad alinyooka polepole. Macho yake yalikuwa ng'ambo.

"Nikivuka tena, nani anashika ofisi?"

"Spika wa Seneti. Bi Tollefson."

"Yule? Hasaini hata kadi ya Krismasi bila mwanasheria."

"Ndiyo raha yake."

Hakucheka. "Greta, kama nimechelewa?"

Greta alipiga simu iliyokuwa chini ya mto. Ililia sana kabla ya kupokelewa.

"Bado," sauti ya Annika ilikwaruza. "Mwambie mtoto anamsubiri. Mimi ndiyo nimechoka."

Greta akamrushia gavana ufunguo wa Charger.

Alikimbia. Safari hii hakuna aliyemwambia.

Greta alirudisha bastola kiunoni, akafunga vifungo vya koti, akatembea zake taratibu upande wa nyumbani.