Arki ya Keki Haivutwi

Asubuhi katika nyumba ya Bwana Hamira huanza na unga. Unga mezani, unga sakafuni, unga kwenye nyusi za baba. Paka wao ni mweusi, lakini wageni hudhani ni wa kijivu.

Jina la Hamira alipewa na mkewe. "Mume wangu ni kama mkate," mke husema. "Mtie joto kidogo tu, anaumuka." Mke mwenyewe huitwa Mama Keki. Wana duka dogo la mikate chini, na juu wana chumba cha kulala na stoo. Magunia ya unga hukaa stoo, mbali na unyevu. Kwa hiyo kila mzigo ukifika, Bwana Hamira alipanda ngazi na gunia begani huku akiimba. Sauti yake haikuwa nzuri. Pumzi alikuwa nayo.

Halafu wimbo ukaanza kukatika. Kwanza ulikatikia juu ya ngazi. Baadaye ukakatikia katikati. Mwishowe akawa haimbi kabisa. Anakanda kidogo, anaegemea meza. Kifua kinapiga filimbi. Kikohozi kinamkunja kama karatasi.

"Ni unga," alisema. "Umri wangu wote navuta vumbi lake. Sasa limeamua kunitoa roho."

Mama Keki akaanza kuchekechea unga uani. Akamfunga mumewe kitambaa puani na mdomoni. Mteja mmoja alipoingia akainua mikono juu, akidhani duka limevamiwa na jambazi. Wote walicheka. Kikohozi tu ndicho hakikuelewa mzaha.

Siku moja, mikate ikiwa bado motoni, Bwana Hamira alitoa neno zito.

"Mke wangu, tuuze tanuri."

Mama Keki aliketi juu ya gunia. "Tuuze tanuri, kisha tule nini? Moshi?"

"Nikiendelea na unga nitakufa. Utaoka na nani?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Na nyumba ile ikikosa kicheko ni kama mkate uliokosa chumvi. Tanuri lile la chuma ndilo lililowalisha. Ndilo lililowasomesha watoto mpaka wakaenda kujitegemea.

Mnunuzi alipatikana upesi. Alikuwa muuza vyuma mmoja, mpole, mwenye mikono mirefu. Alilizunguka tanuri akiligonga huku na huku kama anayechagua tikiti.

"Zuri," akasema. "Nikipata gari tu, naja kulibeba."

Jirani yao wa mlango wa pili ni nesi. Jioni ile alipita kununua mkate akitoka kazini. Alimkuta Bwana Hamira ameshika meza kwa mikono miwili, anahema.

"Shemeji, hicho kikohozi umekitoa wapi?"

"Ni unga, shemeji. Kazi yangu imenigeuka."

Nesi alimtazama Mama Keki, mweupe wa unga mpaka kwenye kope. "Na wewe shoga, unakohoa?"

"Mimi? Nakohoa nikitaka kumkatiza huyu akianza kuimba."

"Mbona unga huohuo mnauvuta wote? Shemeji, wiki iliyopita ulikwenda kwa mama yako. Kifua kilipumzika?"

"Wapi! Kilizidi."

"Kwa mama kuna unga?"

"Unga wa wapi? Nilikuwa nimekaa barazani tu."

"Umekaa barazani na nini?"

Bwana Hamira aliangalia dari. Lakini mkono wake, kwa mazoea, ulikwenda mfukoni wenyewe. Mama Keki akauona, akauchomoa na kilichomo. Kilikuwa kidude kirefu kama kalamu nene. Ilikuwa sigara ya umeme, ile ambayo vijana huiita vepu.

"Hii haina neno," Bwana Hamira akasema haraka. "Niliacha sigara za moshi kwa ajili yake. Huu ni mvuke tu."

Nesi alikinusa. Akanusa tena. "Mbona kinanukia keki ya siagi?"

Hapo Bwana Hamira akasahau kuogopa. Alijivuna. Alifungua kabati na kuonyesha chupa zake za arki, zile za kutia ladha kwenye keki: vanila, ndizi, nanasi, siagi.

"Maji ya dukani ya kujaza humu hayana ladha, shemeji. Nikaona, mimi mtu wa keki, nani atanifundisha ladha? Natia matone ya arki humohumo. Ya siagi ndiyo tamu zaidi. Ile ina mafuta kidogo, inakaa mdomoni."

"Tangu lini?"

"Tangu..." Alikuwa anahesabu kichwani, na hesabu ilikuwa inamfikisha mahali palepale wimbo wake ulipoanza kukatika.

"Lakini ni chakula!" akalalamika. "Watu wanakula keki yangu kila siku. Nani amekufa?"

"Wanaila, shemeji. Hawaivuti."

Nesi akavuta kigoda. "Chai ni nzuri au mbaya?"

"Nzuri."

"Ikikupalia je?"

"Aa, nakohoa mpaka machozi."

"Basi. Chai ni ileile, imekosea njia tu. Tumbo lina uwezo wa kusaga mafuta na arki. Mapafu hayana uwezo huo. Yameumbwa kwa hewa. Mafuta yakiingia mle hukaa, na mapafu huvimba. Na kemikali fulani zinazotoa harufu ya siagi zimewahi kuharibu vijia vya hewa vya wafanyakazi wa viwandani waliozivuta. Kuandikwa 'salama kwa chakula' si kuandikwa 'salama kwa kuvuta'."

"Kwa hiyo nirudie ya dukani peke yake?"

"Ha! Hayo nayo si maji ya kisimani. Yana nikotini, ambayo ndiyo inayokufunga usiweze kuacha. Yana kemikali na ladha, na zikipashwa moto hutokea nyingine ambazo hata chupa haizitaji. Kurudia sigara za moshi nako ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Acha vyote."

"Na unga je?" aliuliza Mama Keki.

"Vumbi la unga nalo si rafiki. Wapo waokaji linaowaumiza. Kwa hiyo tusibahatishe. Kesho asubuhi nendeni hospitali. Chukueni kidude na chupa zote mkamwonyeshe daktari, wala msione haya. Asipojua ulichovuta, atatibu asichokijua. Na usiku huu kifua kikibana au homa ikipanda, msingoje kuche. Nigongeeni."

Daktari alisikiliza, akapima, akapiga picha ya kifua. Ilikuwa kama nesi alivyohisi: mafuta yalikuwa yameingia kwenye mapafu na kuyavimbisha. Unga ulikutwa hauna hatia.

"Umewahi," daktari alisema. "Wengine huja wakati kuna sehemu za mapafu zisizorudi tena." Alimpa dawa, akamwelekeza pia kwenye kliniki ya watu wanaoacha nikotini.

Kuacha hakukuwa mchezo. Siku za kwanza Bwana Hamira aliumuka kwa kila neno. Alimgombeza paka, akamgombeza mlango. Kliniki walimfundisha kwamba hamu ni kama wimbi: huja, hupanda, hupita. Likija, ashike kazi ya mikono.

Kazi ya mikono aliijua moja tu. Pumzi ilipoanza kurudi, kila hamu ilipomjia alikanda unga. Hamu zilikuwa nyingi. Mikate ikajaa rafuni, ikajaa mezani, ikapanda hadi kwenye viti.

"Baba we!" alilia Mama Keki. "Wateja wana tumbo mojamoja tu!"

"Niache nikande, mama. Afadhali mikate ijae nyumba kuliko mafuta yajae kifua."

Asubuhi moja breki zililia nje. Yule muuza vyuma alikuwa amepata gari hatimaye. Aliingia akisugua mikono yake mirefu.

"Haya, tanuri langu liko wapi?"

Bwana Hamira alikuwa anashuka ngazi na gunia begani. Alilitua bila kuhema. "Samahani sana, ndugu yangu. Ungekuja mapema ungelikuta linauzwa. Sasa mwokaji amepona."

"Na mimi nimekodi gari zima! Nirudi nalo tupu?"

Mke na mume walitazamana, kisha wakaitazama ile mikate kwenye viti.

"Nani kasema tupu?" akauliza Mama Keki. "Unajua maduka mangapi njiani? Wauzie, faida tugawane."

Muuza vyuma alikuna kichwa. Akamega kipande, akatafuna, akamega kingine. Kabla jua halijakaza, gari lililokuja kubeba tanuri liliondoka limejaa mikate, mingine ingali ya moto.