Faili Langu Lilikuwa na Mtoto wa Mwenzangu

Ndugu wasomaji, nina miaka thelathini na minne, naishi Ilemela, nauza vitenge. Machozi yameniishia, ndiyo maana nimeweza kuandika.

Viwanda vya minofu ya samaki vilipofunguliwa hapa Mwanza, mume wangu alipata kazi katika kimojawapo. Kulikuwa na mfuko wa matibabu: kadi moja kwa familia, haina picha, ina jina la mfanyakazi na chini yake neno "mke". Jina langu halikuwemo. Kadi ilikaa naye, na mimi nilikuwa mzima, ningeitaka ya nini?

Baada ya miaka ya kusemwa na mawifi, nikashika mimba. Jamani, furaha niliyokuwa nayo...

Uchungu ulipoanza, mume wangu alinipeleka hospitali ya mfuko. Pale, wenye uzazi wa kwanza walilazwa karibu na daktari. Nesi akafungua faili la kadi yetu, akanielekeza chumba cha waliokwisha kuzaa.

"Nesi, hii ni mimba yangu ya kwanza," nikasema.

"Mama, mbona mwaka jana ulijifungulia hapa hapa, tena salama? Baba, huu ni uzazi wa ngapi?"

Mume wangu akatazama sakafu. "Wa pili," akasema.

Nilidhani amechanganyikiwa. Kwa maumivu yale sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikaachwa kutwa nzima, wakingoja mtoto aje kwa urahisi kama yule wa kwenye faili. Walipogundua njia ni nyembamba wakanikimbiza kupasuliwa, mwanangu alikuwa ameshakufa.

Baada ya mazishi ndipo akanieleza. Alikuwa na mwanamke Sengerema. Alimvusha kwa kivuko cha Busisi, akajifungua kwa kadi yetu, akiitwa mke. Angesema kweli siku ile, angefukuzwa kazi. Basi akachagua kazi... Hivi baba unawezaje?

Tumeachana. Wanawake wenzangu, nawasihi, msikubali kuandikwa "mke" tu. Jina lenu liwepo. Mkilazwa, ombeni msomewe faili, msikie kama aliyeugua humo ni ninyi. Na mnaoazimana kadi kwa kuoneana huruma, acheni kabisa.

Siku niliyorudi kutolewa nyuzi, nesi mwingine alisoma faili lile akanishika bega. "Pole, mama. Mshukuru Mungu, yule wa kwanza unaye."

Nilikuwa nimechoka sana. Nikamwitikia asante.